Oldfield Thomas

Michael Rogers Oldfield Thomas (Millbrook, Bedfordshire, 21 Februari 1858 – 16 Juni 1929) alikuwa mwanazuolojia kutoka Uingereza aliyeshughulika hasa na mamalia. Kwa takriban miaka hamsini alifanya kazi katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, upande wa historia ya viumbe. Alieleza kwa mara ya kwanza spishi na nususpishi zipatazo 2,000 za mamalia kutoka mabara yote na aliandika makala zaidi ya elfu moja.

Sehemu kubwa ya wanyama aliowapa majina ni wagugunaji, yaani panya, kindi, fuko na jamaa zao. Miongoni mwao wamo wanyama wa Afrika Mashariki na wa mpaka wa Tanzania na Malawi, karibu na Isongole. Anajulikana pia kwa kuweka utaratibu wa kupima mafuvu ya mamalia na wa kutunza sampuli ambazo majina ya spishi hutegemea. Baadhi ya spishi zake zimethibitishwa na utafiti wa baadaye, na nyingine zimefutwa baada ya kugunduliwa kwamba tofauti alizoziona zilitokana na umri, jinsia au nafasi ya mnyama katika kundi lake.

Maisha ya awali

Thomas alizaliwa katika kijiji cha Millbrook, wilaya ya Bedfordshire, Uingereza. Baba yake, John Henry Thomas, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Alisoma katika shule ya Haileybury.

Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 18, aliajiriwa kama karani katika ofisi ya katibu wa Makumbusho ya Uingereza. Miaka miwili baadaye, mwaka 1878, alihamishiwa Idara ya Zuolojia, iliyokuwa chini ya Albert Günther, mtaalamu wa samaki na reptilia kutoka Ujerumani. Thomas alipewa jukumu la kutunza mamalia, na hakuliacha tena maisha yake yote.

Wakati huo mkusanyiko wa viumbe ulikuwa unatayarishwa kuhamishwa kutoka mtaa wa Bloomsbury kwenda jengo jipya la South Kensington, lililofunguliwa mwaka 1881. Kwa hiyo kijana huyu aliingia kazini wakati ngozi, mifupa na mafuvu ya miaka mingi yalipokuwa yanapangwa upya.

Kazi katika makumbusho

Mwaka 1888 Thomas alitoa kitabu kikubwa cha orodha ya wanyama wenye mfuko, kama kangaruu, pamoja na mamalia wanaotaga mayai waliokuwamo katika makumbusho. Mwaka 1896 alichapisha makala kuhusu jenasi zote za wagugunaji zilizojulikana, akijaribu kuzipanga katika familia zao.

Mwaka huohuo wa 1896 usimamizi wa idara ulichukuliwa na William Henry Flower, ambaye alimwajiri Richard Lydekker kupanga upya maonyesho ya umma. Hatua hiyo ilimpa Thomas nafasi ya kushughulikia sampuli mpya zilizokuwa zikiingia kwa wingi kutoka ng'ambo.

Mwaka 1891 alimwoa Mary Kane, binti wa Sir Andrew Clark, tabibu maarufu wa London. Mke wake alikuwa amerithi mali, na mali hiyo ilimwezesha Thomas kuwalipa wakusanyaji wa wanyama katika nchi mbalimbali na kuzitoa sampuli zao kwa makumbusho kama zawadi. Mary mwenyewe alipenda elimu ya viumbe na alifuatana na mumewe katika safari za kukusanya wanyama. Thomas alisafiri katika Ulaya ya Magharibi na Amerika Kusini, lakini sampuli zake nyingi zilitoka kwa watu wengine: maofisa wa serikali za kikoloni, madaktari, wamisionari, wawindaji na wakusanyaji wa kulipwa.

Mwaka 1901 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha juu cha wanasayansi wa Uingereza.

Umuhimu wa fuvu

Ngozi ya panya mdogo haisemi mengi. Rangi hubadilika kwa msimu, kwa umri na kwa udongo wa mahali, na ngozi iliyokaushwa hunyooka au kujikunja kulingana na mkono wa aliyeichuna. Fuvu ni gumu, halibadiliki baada ya mnyama kufa, na linaweza kupimwa tena na mtu mwingine baada ya miaka mia moja. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mamalia hutegemea sana mafuvu na meno katika kutenganisha spishi.

Hata hivyo fuvu la mnyama hubadilika maishani mwake. Mgugunaji anapozaliwa, mifupa ya fuvu lake haijashikamana, bali hukutana kwenye maungio yaliyo wazi. Kadiri anavyokua, maungio hayo hufungwa moja baada ya jingine. Sehemu ya pua hurefuka, matao ya mashavu hupanuka, na juu ya fuvu hutokea matuta ambako misuli ya taya hushika. Kasha la ubongo hukua mapema na kusimama, kwa hiyo mnyama mchanga huonekana ana kichwa cha mviringo, na mzee huonekana ana kichwa kirefu chenye pembepembe.

Meno nayo yana habari zake. Meno mawili ya mbele, juu na chini, hukua muda wote wa uhai na hulika kwa kuguguna. Magego ya panya wengi hayakui tena baada ya kuota; husagika tu. Hivyo urefu wa safu ya magego hubaki karibu uleule tangu ujana hadi uzee, na kiasi cha kusagika kwake huonyesha umri. Mtaalamu anayetaka kujua kama panya wawili ni spishi moja huangalia kwanza vipimo visivyobadilika kwa umri, kisha ndipo huangalia vile vinavyobadilika.

Jinsia huongeza tofauti nyingine. Katika spishi nyingi za wagugunaji dume huwa mkubwa kidogo kuliko jike, na matuta ya fuvu lake huwa makali zaidi. Katika baadhi ya panya tofauti hiyo ni ndogo sana hata haionekani bila kupima wanyama wengi. Miongoni mwa fuko wanaoishi kwa makundi tofauti inaweza kuwa kubwa, kwa sababu dume mzazi mara nyingi ndiye mkubwa kuliko wote katika kundi.

Mtu akipewa mafuvu mawili tu, moja la dume mzee na jingine la jike kijana, anaweza kudhani ana spishi mbili mkononi kumbe ni mnyama mmoja. Njia ya kuepuka kosa hilo ni kuwa na mafuvu mengi ya mahali pamoja, yenye umri tofauti na ya jinsia zote mbili. Katika karne ya 19 sampuli za namna hiyo zilikuwa adimu. Mara nyingi Thomas alipokea mnyama mmoja au wachache tu kutoka eneo zima.

Kanuni za vipimo na sampuli

Thomas aliona kwamba wataalamu walikuwa wakitumia maneno yaleyale kwa mambo tofauti. Mmoja alipoandika urefu wa fuvu alikuwa na maana ya urefu wote, mwingine alipima sehemu ya chini tu, na namba zao hazikuweza kulinganishwa.

Mwaka 1905 alichapisha mapendekezo ya majina maalumu kwa kila kipimo cha urefu wa fuvu. Alitofautisha urefu mkubwa kabisa kutoka mwisho hadi mwisho. Urefu unaoanzia kwenye vifundo viwili vya nyuma vinavyokutana na shingo hadi mbele ya meno ya mbele. Na urefu wa kitako cha fuvu unaoanzia kwenye ukingo wa tundu kubwa ambamo uti wa mgongo hupita. Katika makala hiyohiyo alipendekeza pia namna ya kuyataja magego ya mamalia. Vipimo vya aina hiyo vinatumika mpaka leo katika kazi za kulinganisha mafuvu.

Kabla ya hapo, mwaka 1893, alikuwa amependekeza matumizi thabiti ya neno tipu, yaani sampuli ambayo jina la spishi limefungwa kwayo. Alipendekeza pia maneno ya kuandamana nalo. Paratipu ni sampuli nyingine iliyokuwa mbele ya mwandishi alipoieleza spishi kwa mara ya kwanza, na topotipu ni sampuli iliyopatikana baadaye mahali palepale palipotoka tipu. Maneno hayo yameingia katika lugha ya kawaida ya zuolojia na botania.

Katika maelezo yake ya spishi mpya Thomas alikuwa na desturi ya kutaja jinsia ya tipu, kama ni mnyama mzima au mzee, mahali ilipopatikana, jina la mkusanyaji na namba yake katika makumbusho. Desturi hii ilikuwa na faida kubwa: alipokosea, wengine waliweza kurudi kwenye fuvu lilelile na kuona kosa lilianzia wapi.

Fuko na kindi wa mpaka wa Songwe

Isongole ni mji mdogo katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Uko mpakani, ng'ambo ya Wilaya ya Chitipa nchini Malawi. Mto Songwe, ambao umeupa mkoa jina lake, hufuata sehemu kubwa ya mpaka huo na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Katika miaka ya 1890 mto huo ulitenganisha Afrika ya Mashariki ya Kijerumani upande wa kaskazini na eneo la Waingereza upande wa kusini.

Kamishna wa Waingereza huko kusini alikuwa Harry Johnston, ambaye alimwajiri Alexander Whyte kama mtaalamu wa viumbe. Whyte alikusanya mimea na wanyama katika milima na kando ya ziwa, na mamalia wake walipelekwa London. Mwaka 1897 Thomas aliwaeleza baadhi yao kuwa spishi mpya, na wawili kati yao wanahusika moja kwa moja na eneo la mpaka.

Wa kwanza ni fuko wa Whyte, aliyepatikana Karonga, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa kusini mwa mdomo wa Mto Songwe. Fuko huyu anaishi kaskazini mwa Malawi na kusini-magharibi mwa Tanzania. Wakulima wa nchi hizo mbili wanawajua fuko kwa vichuguu vya udongo wanavyosukuma juu na kwa mizizi na viazi wanavyokula chini ya ardhi. Thomas alimweka katika jenasi Georychus. Baadaye alihamishiwa Cryptomys, na kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa nususpishi tu ya fuko wa Afrika Kusini.

Ukubwa wa fuvu peke yake ulishindwa kumaliza ubishi kuhusu fuko hao, kwa sababu wanyama wa kundi moja hutofautiana sana kwa umri na jinsia. Utafiti wa kromosomu na wa jeni ndio ulioonyesha kwamba fuko wa Afrika ya kati na mashariki ni tawi la peke yake. Mwaka 2006 waliundiwa jenasi mpya, Fukomys. Jina hilo limetokana na neno fuko, ambalo ni la Kiswahili na la lugha nyingine za Kibantu, likaunganishwa na neno la Kigiriki la panya. Siku hizi mnyama wa Karonga anaitwa Fukomys whytei na anahesabiwa tena kuwa spishi kamili, kama Thomas alivyodhani mwaka 1897.

Wa pili ni kindi mwekundu mwenye mgongo mweusi, anayeitwa Paraxerus lucifer. Sampuli yake ya kwanza ilitoka katika msitu wa Milima ya Misuku, ambayo iko ng'ambo ya Mto Songwe ukitazama kutoka Ileje. Kindi huyu anaishi katika misitu ya milimani ya kaskazini mwa Malawi na ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania. Kwa kuwa anategemea misitu ya asili, ukataji wa miti unapunguza mahali pake pa kuishi.

Katika miaka ya 1929 na 1930 Arthur Loveridge wa Chuo Kikuu cha Harvard alifanya msafara katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanganyika, pamoja na eneo la Rungwe. Yeye na Glover Morrill Allen walichapisha habari za mamalia wa msafara huo mwaka 1933. Walipotaja wagugunaji wa huko, mengi ya majina waliyotumia yalikuwa yametolewa na Thomas.

Wanyama wengine wa Afrika Mashariki

Mwaka 1888 na mwaka 1890 Thomas alieleza mamalia waliotumwa na Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1910, pamoja na Robert Charles Wroughton, alichapisha habari za mamalia wa msafara wa Milima ya Ruwenzori wa miaka ya 1905 na 1906.

Mwaka 1909 alieleza jenasi na spishi mpya ya panya mwenye mifuko ya mashavu kutoka Taveta, Kenya, aliyempa jina Beamys hindei kwa heshima ya daktari na ofisa Sidney Langford Hinde. Mwaka 1918 alieleza swala mdogo wa Zanzibar, paa nunga, kwa jina Cephalophus adersi, kwa heshima ya Dkt. Aders aliyekuwa akifanya kazi visiwani. Paa nunga anaishi Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na ni mmoja wa swala wanaotishiwa kutoweka.

Mwaka 1915 alifanya kazi ambayo imewafaa sana wataalamu wa kilimo. Hadi wakati huo panya wengi wadogo wa Afrika walikuwa wamerundikwa katika jenasi moja. Thomas aliwagawa kwa kufuata mafuvu, magego na idadi ya chuchu, akaunda jenasi kadhaa, zikiwemo Praomys, Aethomys na Mastomys. Mastomys ndiyo jenasi ya panya shamba mwenye chuchu nyingi, anayejulikana na wakulima wa Tanzania kwa kufukua mbegu za mahindi na kula nafaka ghalani. Jike mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja, na baada ya mvua nzuri idadi yao hupanda ghafla. Panya huyu amechunguzwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Panya buku

Panya buku wa Afrika alielezwa kwanza mwaka 1840 kutoka Gambia. Mwaka 1904 Thomas aliona kwamba panya buku wa Angola, waliokusanywa na Dkt. William John Ansorge, walikuwa tofauti, akawaita Cricetomys ansorgei. Wataalamu waliofuata hawakukubaliana naye. Mwaka 1967 panya buku wote wa bara zima walipunguzwa kuwa spishi mbili tu, na jina la ansorgei likabaki chini ya lile la Gambia.

Mwaka 2012 utafiti uliolinganisha jeni pamoja na vipimo vya mafuvu mengi kutoka nchi nyingi ulionyesha kwamba spishi ni zaidi ya mbili. Panya buku wa kusini walirudishiwa jina la Thomas. Hao ndio wanaofunzwa mjini Morogoro na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi hiyo.

Fuko uchi

Kisa cha fuko uchi, yaani fuko asiye na manyoya, kilienda kinyume na cha panya buku. Mnyama huyu wa Ethiopia, Somalia na Kenya alielezwa na Eduard Rüppell mwaka 1842 kwa jina la Heterocephalus glaber. Mwaka 1885 Thomas alipokea sampuli kutoka Somalia, akaziona ndogo kuliko ya Rüppell na kuzipa jina jipya, phillipsi. Mwaka 1903 aliunda jenasi mpya kwa ajili yao na akaongeza spishi ansorgei kutoka Kenya. Mwaka 1909 aliongeza nyingine, dunni. Wataalamu wengine nao waliongeza majina yao, akiwemo Allen mwaka 1912.

Majina hayo yalitegemea ukubwa wa mwili na sifa za fuvu na meno za wanyama wachache. Sababu ya tofauti zao ilieleweka vizuri baadaye. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alichapisha utafiti wake ulioonyesha kwamba fuko uchi wanaishi katika makundi yanayofanana na mzinga wa nyuki. Katika kila kundi kuna jike mmoja tu anayezaa, na mwili wake hurefuka baada ya kushika nafasi hiyo. Anazaa na madume wachache, na wengine wote ni wafanyakazi wa ukubwa mbalimbali. Mtu akichimba shimo moja anaweza kutoka na wanyama wenye ukubwa wa kutofautiana sana, ambao wote ni ndugu wa tumbo moja.

Leo fuko uchi wote wanahesabiwa kuwa spishi moja, na majina yaliyotolewa na Thomas yamebaki kama visawe tu. Si kwamba alipima vibaya. Alikosa mafuvu ya kutosha ya kundi moja, na hakuna mtu wa wakati wake aliyejua maisha ya mnyama huyo chini ya ardhi.

Miaka ya mwisho na kifo

Thomas alistaafu rasmi mwaka 1923 akiwa na umri wa miaka 65. Kustaafu huko hakukubadilisha ratiba yake. Aliendelea kwenda makumbusho na kuandika kama kawaida. Alishirikiana pia na Martin Hinton, hasa katika kueleza mamalia wa Jebel Marra nchini Sudan na wa milima ya Aïr katika Sahara.

Mwaka 1928 mke wake Mary alifariki. Walikuwa wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka 35, na Thomas hakupona kutokana na pigo hilo. Tarehe 16 Juni 1929 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 71. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba alikufa akiwa ameketi kwenye meza yake ya kazi katika makumbusho, lakini masimulizi hayo si ya kweli. Alifia nyumbani kwake.

Tathmini ya kazi yake

Thomas amesifiwa kwa bidii na kwa macho makali ya kuona tofauti ndogo. Amekosolewa kwa kutoa majina mapya kwa haraka, mara nyingine kwa mnyama mmoja tu. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa ilikuwa desturi ya wataalamu wengi wa wakati wake. Katika karne ya 20 waliofuata waliunganisha spishi nyingi kuwa chache. Tangu miaka ya 1980 utafiti wa kromosomu na jeni umerudisha baadhi ya zile zilizounganishwa. Kwa hiyo orodha ya majina yake haiwezi kukubaliwa yote wala kukataliwa yote. Kila jina linahitaji kuchunguzwa peke yake.

Jambo jingine ni kwamba wanyama wake wengi walipatikana chini ya utawala wa kikoloni. Majina ya Whyte, Hinde, Ansorge na Aders yamehifadhiwa katika majina ya kisayansi. Wenyeji waliotega mitego, kuchimba mashimo ya fuko na kuonyesha njia za msituni kwa kawaida hawakutajwa. Majina ya wanyama katika lugha za mahali nayo hayakuandikwa kila mara, ingawa wenye lugha hizo walikuwa wakiwatofautisha wanyama hao zamani kabla ya sampuli kufika London. Neno fuko, lililoingia katika jina la Fukomys mwaka 2006, ni mfano mmoja wa kurudi kwa maarifa hayo katika sayansi.

Sampuli zenyewe bado zipo London. Mafuvu yaliyopimwa na Thomas yanapimwa tena na watafiti wa leo, na vipande vidogo vya ngozi au mfupa vinaweza kutoa jeni. Mwanafunzi wa Tanzania au Malawi anayetafiti fuko wa Karonga au kindi wa Misuku bado anahitaji kulinganisha mnyama wake na sampuli zilizopelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19.

Viumbe walioitwa kwa jina lake

Jenasi Thomasomys, ya panya wa milima ya Andes katika Amerika Kusini, ilipewa jina hilo mwaka 1884 kwa heshima ya Thomas alipokuwa bado kijana. Oldfieldthomasia ni jenasi ya mamalia wa kale waliotoweka wa Argentina. Barani Afrika wapo komba wa Thomas (Galagoides thomasi), anayeishi katika misitu ya Afrika ya Magharibi, Kati na Mashariki, na Otomys thomasi, panya wa nyanda za juu za Kenya.